Mpangaji Huhama na Vyake

Nchi hii ninayowasimulia haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Mkipita mahali mkaona panafanana na kwenu, semeni mmechoka na safari, mnywe maji, mwende zenu.

Inaitwa Miegeani. Ni ndogo, mwanamke mwenye mtungi kichwani huivuka jua halijawa kali. Mwenye ardhi ni Ufalme wa Juu, ambao uko ng'ambo ya mto, karibu kiasi kwamba wakikaanga vitunguu sisi tunapiga chafya. Miaka tisini na tisa iliyopita Ufalme huo uliikodisha Miegeani kwa Dola ya Mbali. Dola ya Mbali ilitaka mahali pa kusimamisha nguzo za simu. Ikasimamisha nguzo moja, ikatuambia ya pili inakuja. Hatukuona ubaya kusubiri. Nguzo ile ya kwanza imetufaa sana: tunafungia mbuzi, na msomaji wa amri za Gavana wao huiegemea akichoka, maana amri nyingine ni ndefu.

Mwaka huu muda wa kukodi ukawa unakwisha, na wakubwa wa pande mbili wakaja kuamua tuwe wa nani.

Walipiga hema lao kuizunguka nguzo. Balozi wa Dola ya Mbali alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu nyingi. Kila alipotaja "watu wetu wapendwa" alivua kofia, na kwa kuwa alitutaja mara nyingi, utosi ulimwiva kwa jua hata kabla hajaingia hemani. Tulimhurumia. Waziri wa Ufalme wa Juu alikuja na kiti chake mwenyewe, kirefu hata kikahitaji ngazi. Wa tatu alikuwa karani Feruzi, kijana wa hapa hapa, aliyebeba makaratasi. Siku ile ilinyesha mvua ya jua, na Feruzi aliufunika mkataba kwa mwavuli akaloa yeye. Nilimpa kanga yangu ajifute. Akasema, "Ahsante, bibi," kwa sauti ndogo, kama mtu asiyejua kama inaruhusiwa.

Balozi akasoma.

"Kuna njia tatu kwa mustakabali wa eneo hili. Njia ya Kwanza: lirudishwe kwa mwenyewe. Njia ya Pili: mkataba uongezwe. Njia ya Tatu..."

Akafunua. Akafunua tena. Akamnong'oneza katibu wake, kisha akatutazama kwa huruma.

"Ukurasa wa Njia ya Tatu ulikuwa umekunjamana. Umebaki nyumbani kupigwa pasi."

Jirani yangu Bi Mkasi hajui kunyamaza. Alikuwa na ugomvi nami wa miaka kumi na moja juu ya kinu, lakini mdomo wake siku zote niliuheshimu. Akasimama.

"Mheshimiwa, hiyo ya tatu ilikuwa inasemaje?"

"Ilikuwa inasema wakazi wajiamulie wenyewe."

"Basi sisi twaitaka hiyo. Ije tu na mikunjo yake."

Watu wakacheka. Waziri akacheka pia, kwa sababu alikuwa mtu wa watu, kisha akainama kutoka kule juu kwenye kiti chake.

"Mama yangu, mtu akipanga nyumba, mlango huulizwa unataka mpangaji gani?"

"Mlango wa kwangu hulia kila ukiguswa, Mheshimiwa," Bi Mkasi akajibu. "Nami huupaka mafuta. Sibishani nao."

Waziri akamwambia karani aandike kwamba wakazi wameshirikishwa kikamilifu.

*

Ndipo tulipoelezwa kuhusu Orodha.

Mkataba ule wa zamani uliambatishwa karatasi inayoitwa Orodha ya Vilivyomo, kama ile anayopewa mpangaji: milango minne, dirisha moja limevunjika. Yetu ilisema: chemchemi moja, miti ya miegea mia mbili na kumi, watu mia sita na kumi na wawili. Miti ilihesabiwa tu, lakini watu waliandikwa kwa majina. Tuliona hiyo ni heshima.

Kabla ya njia yoyote kufuatwa, alisema Waziri, sharti mali ikaguliwe. Kilichokuwemo kiwemo. Na kisichokuwemo?

"Mpangaji akihama huhama na vyake," Waziri akasema. "Akiacha makochi yake sebuleni kwangu, nitaketi wapi? Mtu yeyote ambaye jina lake halimo kwenye Orodha aliingizwa na mpangaji. Mpangaji amchukue."

Balozi akavua kofia. "Magari yatakuja kesho kutwa. Watapelekwa kwetu."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka, maana mimi nina mkwe.

Jina lake ni Nyamizi. Mwanangu Machano alimwoa akitokea ng'ambo ya mto, kutoka huko huko Ufalme wa Juu kunakonukia vitunguu. Machano alipokufa kwa homa, Nyamizi ana mimba ya miezi mitatu, ndugu zake walituma mtu amchukue. Akakataa. Akasema, "Mama atapuliziwa uji na nani?" Midomo yangu haivumilii moto, na yeye hunipulizia uji kila asubuhi mpaka upoe. Sijui alijifunza wapi. Sasa mimba ilikuwa ya miezi minane.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa Waziri, mkwe wangu katoka kwako. Ukipanda juu ya kiti hicho utaona paa la kwao."

"Alivuka lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Miaka miwili iliyopita nyumba ilikuwa mikononi mwa mpangaji. Kilichoingia wakati huo ni cha mpangaji. Kijiko changu nikikisahau nyumbani kwako, mama, bado ni changu?"

"Ni chako, Mheshimiwa. Nakurudishia siku hiyo hiyo."

"Wewe ni mtu mwema," akasema. "Sheria haina haraka hiyo."

Balozi aliona uso wangu. "Kwetu kuna baridi," akaniambia taratibu, "lakini atapewa blanketi."

Nilimshukuru. Si kila mtu angekumbuka blanketi.

*

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu, au hamtaelewa kosa lilipotokea.

Miegeani hatutungi majina. Mtoto akifikisha siku arobaini tunampa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, tunamtia maji kwenye paji la uso na kumwambia, "Karibu, umerudi." Tangu siku hiyo yeye ndiye yule. Mjukuu mwenye jina la baba yangu mimi humwamkia shikamoo, naye hujibu marahaba, hata kama ana kamasi. Ukituuliza kama babu fulani yupo, tutakwambia yupo, anacheza na tairi huko nyuma. Aliyekufa huweza kurudi kwa watoto wengi, kila nyumba na wake, lakini mwenye jina akiwa hai, yeye mwenyewe haligawi. Akiligawa, amekwisha kufa, hata kama anatembea.

Kwa hiyo kesho yake karani Feruzi alipoanza kuita majina ya miaka tisini na tisa iliyopita, sisi tuliitika.

"Pandu bin Makame!"

Wakasimama saba. Wa saba alikuwa mgongoni mwa mama yake.

Balozi akashangaa. "Ni yupi?"

"Wote, Mheshimiwa," Feruzi akasema.

"Lakini huyu aliandikwa ana miaka sitini."

"Anayo," mama mwenye mtoto akasema. "Ila amelala."

Balozi alitaka kukataa, lakini Waziri alifurahi mno. "Mbuzi wa kukodi akizaa, mwana ni wa mwenye mbuzi! Andika: yupo, na ameongezeka."

Ikawa hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yupo. Yupo, na ameongezeka. Nilipoitwa mimi, Mashavu binti Pandu, nilisimama peke yangu, kwa kuwa kwenye ukoo wetu Mashavu ni mmoja tu. Nikahesabiwa. Wasiokuwa na jina kwenye Orodha walikuwa kumi na watatu, wengi wao wake walioolewa kutoka ng'ambo ya mto. Waliketishwa pembeni, wakapewa kila mmoja kamba ya kufungia mzigo wake. Nyamizi aliipokea yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa.

Kisha Feruzi akaita jina la mwisho.

"Siwatu binti Mkadamu!"

Hakuna aliyesimama. Wazee wakatazama chini.

Siwatu alikuwa mwanamke wa zamani. Walipokuja kuandika Orodha ya kwanza, alikuwa anakoroga uji nje ya nyumba. Wakamwonyesha jina lake kwenye karatasi, chini ya miti. Akaisoma, akachukua sufuria, akaumwaga uji wote juu ya mkataba. Mkataba uliandikwa upya, naye akahukumiwa miezi sita, akafa kwa homa wiki ile ile kabla hajafungwa. Na wakati wa kutoa jina lake ulipofika, watu waliogopa. Mtoto akipewa jina la Siwatu, si atakipokea na kile kifungo? Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na jina likabaki hivyo hivyo. Wote wamerudi, Siwatu hajarudi. Nilipokuwa msichana nilikuwa namhurumia, nikimwona akisimama huko aliko, amechoka kusubiri foleni.

Feruzi akasoma pembeni ya jina. "Maelezo: anadaiwa miezi sita."

"Yuko wapi?" Waziri akauliza.

Feruzi akageuza karatasi, akaitazama na nyuma.

"Kitu kimoja kimepotea," Waziri akasema. "Siwezi kupokea mali pungufu. Kesho saa nne awe hapa. Asipoonekana, mpangaji atabeba na ukoo wote wa Mkadamu, kufidia upungufu."

*

Jioni Nyamizi alinipulizia uji kama kawaida. Alikuwa amekwisha funga mzigo wake. Ulikuwa mdogo, sufuria alikuwa ameniachia.

"Mama," akasema, "jina la Siwatu halina mtu. Nipe mimi."

"Lina miezi sita ndani yake."

"Miezi sita hupita. Huko kwao Balozi sitarudi kamwe."

"Utazalia jela?"

"Wanawake wamezalia pabaya zaidi."

Jela yetu ni chumba kimoja cha bati. Kwa kuwa hatuna wezi wa kutosha, Gavana alikuwa akihifadhia humo kofia zake. Mchana ukiweka yai sakafuni linaiva. Nilimtazama miguu, ilivyovimba, nikasema, "Kunywa uji wako, mwanangu. Kesho nitakuosha nywele kabla hatujatoka."

"Nywele, mama? Siku kama ya kesho?"

"Hasa siku kama ya kesho."

Alfajiri nikamkalisha kwenye kigoda. Nilimwosha nywele polepole, na maji yalipofika kwenye paji la uso nikasema chini chini maneno yanayosemwa. Maji yalikuwa yanamwagika, hakusikia. Si jambo dogo kujizika mwenyewe kwa kata ya maji.

*

Saa nne karani Feruzi akaita tena. "Siwatu binti Mkadamu!"

Nikasimama. "Yupo."

Feruzi akanitazama. "Bibi, wewe ulihesabiwa jana. Wewe ni Mashavu."

"Mashavu ni yule pale," nikasema, nikamwonyesha Nyamizi aliyeketi na kamba yake. "Amepewa jina alfajiri, kwa maji. Mimi ndiye Siwatu. Nimechelewa kidogo."

Nyamizi akapiga kelele. "Mama! Umejiua!"

"Kidogo tu," nikamwambia. "Keti, usisimame ghafla."

Waziri akamgeukia Balozi, Balozi akamgeukia katibu wake. Kitabu cha taratibu kikafunguliwa. Taratibu zilisema mali ithibitishwe na jirani. Basi wakamwita jirani yangu.

Bi Mkasi akaja mbele akijifunga kanga vizuri. Nilijua ana haki ya kunikataa. Kinu kile kilikuwa chake kweli, na mimi nilikivunja, na kwa miaka kumi na moja nilisema kilivunjika chenyewe.

"Unamjua mwanamke huyu?" Waziri akauliza.

"Namjua sana."

"Ni nani?"

Bi Mkasi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Tukasikia mbuzi akitafuna kamba kwenye nguzo.

"Huyu ni Siwatu," akasema. "Ni mkorofi tangu zamani. Alinivunjia kinu changu. Mfungeni."

Waziri akapiga makofi. Mali ilikuwa kamili. Ukoo wa Mkadamu ukaruhusiwa kukaa, na Feruzi akaandika mbele ya jina la Mashavu: yupo, na ni mjamzito. Wale kumi na wawili wengine walipandishwa kwenye magari mchana ule, na mimi sikuwa na majina zaidi ya kugawa. Mmoja alikuwa ameacha maharage jikoni, akaomba mtu akamtolee motoni. Balozi alisimama karibu na magari, akamgawia kila mmoja blanketi kwa mkono wake mwenyewe. Jua lilikuwa kali sana.

Kamba ya Nyamizi ilirudishwa ghalani.

*

Kopla Tenga, askari wa jela, alitoa kofia za Gavana humo, akazipanga kivulini zisipauke, kisha akaniingiza mimi. Akanipa kigoda chake. Alisema yeye huchoka kukaa.

Siku ile ile nyumbani kwangu walikuwa wanaomboleza kifo cha Mashavu, kama desturi inavyotaka, na Bi Mkasi ndiye aliyepika wali wa matanga. Akaniletea sahani.

"Kula, Bi Siwatu. Jirani yangu amefariki."

"Mungu amrehemu. Alikuwa mtu gani?"

"Mwongo," akasema, akajifuta macho. "Alikuwa mwongo, yule. Nitamkumbuka kila nikitwanga."

Wali ulikuwa umeungua chini. Nilikula wote.

Kuhusu mustakabali wetu, wakubwa walifuata njia zote mbili, ili asivunjike mtu moyo. Saa tatu asubuhi nchi ilirudishwa kwa Ufalme wa Juu. Bendera ikapandishwa kwenye nguzo, Waziri akasema sasa mmerudi nyumbani, watu wakapewa soda. Saa tisa alasiri Ufalme wa Juu uliikodisha tena kwa Dola ya Mbali kwa miaka tisini na tisa. Katikati kulikuwa na chakula cha mchana. Bi Mkasi aliulizia Njia ya Tatu, akaambiwa pasi bado haijapata moto. Mkataba mpya ukatiwa saini, na Orodha mpya ya Vilivyomo ikaachwa iandaliwe polepole, iambatishwe baadaye.

*

Mtoto alizaliwa, wa kike, na siku ya arobaini mama yake alimleta jela. Siku hiyo hiyo karani Feruzi alifika na Orodha mpya. Ilikuwa karibu imekwisha, kurasa nyingi, mwandiko mzuri. Alikuwa ameiandika nyumba kwa nyumba kwa wiki tano, na jela ndiyo ilikuwa imebaki. Nakala yake ilikuwa hiyo moja tu.

Akaketi sakafuni, akanisalimu, akachovya kalamu. "Siwatu binti Mkadamu. Yupo. Mashavu binti Pandu, yupo." Akamtazama mtoto. "Na huyu?"

Kwa desturi mtoto hupewa jina la aliyekufa. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku na mchana. Alfajiri ile nilipommwagia maji mkwe wangu na kumpa jina langu, la kwake lilibaki bila mtu.

"Nyamizi," nikasema. Nikachovya kidole kwenye kikombe, nikamgusa mtoto kwenye paji la uso. "Karibu, umerudi."

Mama yake akalia kimya kimya. Kisha akasema, "Karani, asiandikwe."

"Asipoandikwa, dada, mkataba ukiisha atachukuliwa na mpangaji."

"Na akiandikwa?"

Feruzi alitazama mahali alipotaka kuandika. Mstari wa kwanza wa ukurasa, juu ya majina yetu, ulisema: miti ya miegea, mia moja na themanini na sita.

Mkwe wangu alikuwa ameniletea uji, na kama kawaida alikuwa anaupuliza. Feruzi aliiona ile sufuria. Alikaa akiitazama, mpaka nikadhani ana njaa, nikataka kumkaribisha. Ndipo akaichukua Orodha, yote, akaiweka wazi sakafuni karibu na magoti yangu. Akasimama.

"Nimesahau wino mwingine nje," akasema. "Nitachelewa kidogo, bibi."

Chupa ya wino ilikuwa mkononi mwake.

Mimi ni mtu mzima. Sijawahi kumwaga chakula kwa makusudi. Nililelewa kuokota hata punje ya mchele. Nilimtazama mtoto. Alikuwa macho, ananyonya kidole. Nikaichukua sufuria kutoka kwa mama yake, nikasema, "Siwatu, dada yangu, nisaidie kushika," nikamwaga.

Uji wa mtama ni mzito. Ulikwenda taratibu, ukurasa hadi ukurasa, ukichukua majina ya watu na miti na chemchemi. Kopla Tenga alichungulia, akaona, akaenda kuangalia kofia.

Nimeongezewa miezi sita. Feruzi aliitwa kutoa ushahidi, akasema hakuona, alikuwa nje akitafuta wino. Gavana amemwamuru aanze upya, nyumba kwa nyumba. Yuko tayari kabisa, maskini, ila karatasi zimekwisha. Zimeagizwa kwa Dola ya Mbali, na tumeambiwa tusiwe na wasiwasi, zinakuja pamoja na nguzo ya pili.